Simu haikai na chaji? Kabla ya kulaumu betri, angalia mnara

Koleo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kibanda cha ufundi simu hapa Makambako, jirani na stendi. Mabasi ya Dar, Mbeya na Songea yote yanapita hapa, na kila siku kuna abiria anashuka na hadithi ileile: "Fundi, nibadilishie betri. Imetoka Dar asubuhi imejaa, sasa hivi imebaki kumi, na hata sijaishika." Naipima betri, nzima. Ukimwambia ni nzima anahisi huna spea. Anavuka barabara, anauziwa nyingine, halafu wiki inayofuata akirudi Dar kwa basi mchezo ni uleule.

Kinachoila simu yako kwenye basi ni redio iliyo ndani yake, ile inayoongea na mnara. Kupokea si kazi kubwa. Kazi iko kwenye kutuma. Mnara ukiwa karibu simu inanong'ona, ukiwa mbali inapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Simu ya 4G inaruhusiwa kutuma hadi miliwati 200 hivi. Ukiwa jirani na mnara inaweza kutumia sehemu ndogo mno ya miliwati moja. Na hesabu ya mawimbi haipandi kidogo kidogo: kila desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha mawimbi kupungua au kuongezeka) zinazopotea njiani zinadai nguvu mara 10. Ukipoteza 30, ni mara 1,000, mpaka simu igonge ukomo wake.

Hizo miliwati 200 ni zile zinazotoka kwenye antena tu. Kipaza nguvu kilicho ndani kinachukua kutoka kwenye betri kingi zaidi ya kinachotoa, na kinachopotea kinageuka joto. Ndiyo maana simu yako inakuwa ya moto mfukoni na wewe umelala.

Sasa fikiria safari yenyewe. Umekaa ndani ya bodi la chuma, linalopunguza mawimbi. Unakimbia, kwa hiyo simu inaachana na mnara huu na kushika ule kila mara. Unaingia hifadhi ya Mikumi, unatoka, unafika Ruaha Mbuyuni, unapanda Kitonga katikati ya majabali. Mtandao ukikatika kabisa simu haitulii. Inaanza kutafuta: 4G masafa haya, 4G masafa yale, 3G, 2G, inarudi mwanzo. Kama una laini mbili, kila moja inasakiwa mnara wake.

Mnaotaka ushahidi, ingieni Mipangilio, Kuhusu simu, hali ya SIM, mtaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye Android nyingi pia unaweza kupiga *#*#4636#*#* ukaona hapohapo. Namba ni hasi. Kwa 4G, -80 ni mtandao mzuri, -110 ni shida, -120 simu inajitahidi tu. Vile vibaa vya juu ya kioo visiwadanganye, kila kampuni ina vipimo vyake vya kuamua vibaa vitatu ni nini.

Dawa ni hali ya ndegeni kwenye vipande ambavyo hata hivyo hupati kitu. Iondoe ukifika mjini.

---

Binti_Ilula

Fundi umenigusa. Mimi ni wa Ilula, na nilikuwa naamini pale Kitonga kuna kitu kinanyonya simu.

---

MzeeWaGia

Nimeweka kambi hapa. Konda mstaafu, nina ya kusema baadaye.

---

Kifuniko

Mkuu heshima yako, ila mimi sikubali. Kinachomaliza chaji ni hizi programu zinazobaki wazi nyuma ya pazia. Mimi kila nikimaliza kutumia simu nafagia zote, hata moja haibaki, na nimeweka programu ya kusafisha RAM, ile kumbukumbu ya muda ya simu, inayonisaidia kazi hiyo kila saa. Simu yangu inafika jioni.

---

Koleo

Kaka Kifuniko, simu yako inafika jioni licha ya kufagia, wala si kwa sababu ya kufagia.

Zile kadi unazozifagia nyingi hazifanyi kazi yoyote. Zimegandishwa kwenye RAM, na RAM inatumia umeme uleule ikiwa imejaa au tupu. Ukiifunga WhatsApp na kuifungua tena baada ya dakika tano, simu inaanza upya kuisoma kutoka kwenye hifadhi na kuipanga, na hapo prosesa inafanya kazi ambayo isingefanya. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android pale Google, aliulizwa swali hili, akajibu kwamba kufunga programu hivyo kunaweza hata kuzidisha ulaji kidogo. Mwaka huohuo Craig Federighi wa Apple alijibu barua pepe ya mteja aliyeuliza kama kufunga programu kunaokoa betri ya iPhone. Akasema hapana.

Na hiyo ya kusafisha RAM inayojiamsha kila saa ili izuie wenzake wasijiamshe, hebu itazame vizuri. Nyingi ni duka la matangazo. Itoe.

---

Kifuniko

Sawa, lakini usiseme programu hazina hatia. Facebook je?

---

Masafa

Naomba niingie hapo, mimi kazi yangu ni mitandao.

Kifuniko ana hoja, ila ameishika upande usio. Programu inayokula ni ile *inayofanya kazi* kioo kikiwa kimezimwa, na si lazima uione kwenye orodha ya zilizofunguliwa. Oktoba 2015 watumiaji wa iPhone walilalamika sana kuhusu Facebook. Kampuni yenyewe ikachunguza na kukiri makosa mawili: kipande cha programu upande wa mtandao kilikuwa kinazungusha prosesa bila sababu, na sauti ya video ilikuwa inabaki wazi kimyakimya hata mtu akishatoka, hivyo simu ikaamini bado kuna kitu kinachezwa. Wakatoa toleo jipya. Kwa hiyo ikitokea siku moja simu imebadilika ghafla baada ya kusasisha programu fulani, mshuku huyo. Ingia Mipangilio, Betri, matumizi kwa kila programu, utamwona juu kabisa.

Kuhusu basi niongeze jambo ambalo Koleo hakuligusa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 kuna mfumo unaitwa Doze. Simu ikiachwa mezani bila kuguswa, kioo kimezimwa, haijachomekwa chaja, inazilaza programu na kuziamsha kwa vipindi virefu. Android 7 ikaleta Doze nyepesi kwa simu iliyo mfukoni. Lakini usingizi ule mzito unahitaji simu itulie, na kihisi cha mwendo ndicho kinachoamua. Kwenye basi linalorukaruka, simu haitulii. Kwa hiyo mtandao mbovu na usingizi wa mang'amung'amu vinakutana siku moja.

---

DadaWakala

Fundi Koleo na kaka Masafa, asanteni. Mimi ni wakala wa pesa hapa Mafinga. Nina kitochi cha miamala kinachokaa siku kadhaa bila kuchaji, na simu janja ya mAh 5000 ambayo saa kumi jioni iko hoi. Betri ya kitochi ni kama mAh 1000 tu. Inakuwaje kadogo kanamshinda mkubwa?

---

Koleo

Dada, mAh ni ukubwa wa tangi. Haikuambii injini inakunywa kiasi gani.

Betri yako ya 5000, kwa volti 3.85, ina wati-saa 19 na kidogo. Simu ikitumia wati moja mfululizo, unapata saa 19. Ikitumia wati mbili, saa tisa na nusu. Wati mbili si nyingi kwa simu janja: mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho, video inacheza, data imewaka, umeshafika. Kitochi kina kioo kidogo kinachozimika baada ya sekunde chache, hakina data ya kudumu, hakina kundi la WhatsApp. Kinasikiliza mnara kwa vipindi na kurudi kulala.

Nikuulize: mwanga wa kioo chako dukani uko wapi?

---

DadaWakala

Mwisho kabisa 😅 Kibanda kinatazama magharibi, jua linapiga. Nisipopandisha sioni namba ya mteja.

---

Koleo

Basi umeshajijibu. Jioni jua linapokupiga ndipo simu inapokufa. Kioo ndicho mlaji namba moja kwa matumizi ya kawaida, mtandao mbovu ni namba moja kwa simu ambayo *hujaishika*. Weka kipande cha turubai upande ule, ushushe mwanga hadi nusu.

---

Bodaboda_Tegeta

Mimi nabeba abiria wa mtandaoni. Simu iko kwenye kishikio cha usukani, ramani imewaka, GPS imewaka, data imewaka, jua la Dar juu yake. Watu wanasema GPS ndiyo inayokula. Kweli?

---

Masafa

GPS inachangia, ila kipokezi chake hakitumi chochote kwenda angani, kinasikiliza tu satelaiti. Kwenye usukani wako kikubwa ni kioo kisichozimwa kikiwa na mwanga wa juani, prosesa inayochora ramani upya kila sekunde, na data. Ukiongeza joto, picha inakamilika: simu ikipata moto kupita kiasi inapunguza mwanga, inapunguza kasi, na nyingi zinakataa kuchaji hata ukichomeka.

Pakua ramani ya Dar mapema uitumie bila data pale inapowezekana. Ukiwa kijiweni unasubiri oda, zima kioo. Na uwe na kofia ya kishikio, zile za plastiki nyeusi zenye ukingo juu, wanaziuza.

---

Nahodha_Muscat

Salaam kutoka Muscat. Kuhusu joto sisi huku ndio mabingwa. Apple wenyewe wanaandika kwamba kifaa kisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 35 kwa sababu betri inaweza kupoteza uwezo wake moja kwa moja. Hapa kiangazi hizo 35 unazipata kabla ya chai ya asubuhi. Simu ikiachwa kwenye dashibodi ya gari mchana, ujue imezeeka siku ileile.

---

Mlezi_wa_Kundi

Kuna mtu ameniambia niweke mandhari meusi kila mahali nitaokoa nusu ya chaji. Nimeweka. Sijaona tofauti yoyote zaidi ya kuumia macho.

---

Koleo

Simu yako aina gani ya kioo? Kama ni LCD, na simu nyingi za bei ya chini zinazopita mezani kwangu ni LCD, nyuma ya picha kuna taa moja inayowaka wakati wote. Ukiweka nyeusi, taa inaendelea kuwaka, kioo kinaizuia tu isikufikie. Hujaokoa kitu. Kwenye OLED au AMOLED kila pikseli inajiwashia mwanga wake, nyeusi kabisa ni pikseli iliyozimwa.

Hata kwa OLED usitarajie miujiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021: mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, kuhamia mandhari meusi kuliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu. Ukiwa asilimia 100, ndipo walipopata 39 hadi 47. Watu wengi ndani ya nyumba hawaweki 100. Kushusha mwanga kunakupa faida kwenye kioo chochote, bila kuumiza macho.

Kama simu yako inachora mara 90 au 120 kwa sekunde, irudishe 60. Hiyo nayo inasaidia, na wengi hamtaona tofauti isipokuwa mkisogeza kurasa.

---

KabambeNairobi

Wandugu wa Bongo, nawasoma nikiwa kwa matatu, Thika Road, na simu iko 14%. Sisi hapa network si mbaya, minara imejaa. Sasa mbona yangu inaisha? Sina michezo, natumia WhatsApp pekee.

---

Masafa

Makundi mangapi?

---

KabambeNairobi

Ya kanisa, chama, ukoo, mtaa, wale tulisoma nao, harusi mbili na matanga moja. Ya harusi usiniulize, watu wanatuma michango usiku na mchana.

---

Masafa

Ndugu yangu, tumempata mlaji.

Simu ikishapokea au kutuma kitu kwa 4G, redio hailali hapohapo. Inabaki macho kwa muda, mara nyingi sekunde kama 10, ikisubiri kama kuna kingine kinakuja. Muda huo unapangwa na mtandao, wewe huna kitufe chake. Kwa hiyo ujumbe wa "Amina" wenye herufi tano unaamsha redio, unaishikilia macho sekunde kadhaa, halafu kabla haijalala inakuja "Amina" ya pili. Watu 200 wakisema Amina kwa zamu, redio yako haijalala nusu saa nzima. Faili moja kubwa lililopakuliwa kwa mkupuo mmoja linaweza kukugharimu kidogo kuliko ujumbe mdogo mdogo wenye ukubwa uleule uliotawanywa mchana kutwa.

Kunyamazisha kundi kunazuia mlio, mtetemo na kioo kuwaka, na hilo si dogo. Ujumbe wenyewe bado unaingia. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja kwenye data, uache kwa Wi-Fi tu. Na ukikaa sehemu yenye Wi-Fi, itumie. Kwa kawaida mnara wake uko mita chache kutoka ulipo, hauhitaji kelele.

Ukiwa na Android, fungua chaguo za wasanidi: nenda Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba. Humo kuna swichi inayoweka data ya simu tayari wakati wote hata ukiwa kwenye Wi-Fi, ili kuhama kuwe haraka. Kwenye simu nyingi imewashwa. Ukiizima, kuhama kutoka Wi-Fi kwenda data kutachelewa kidogo. Kwa anayeshinda ofisini hiyo ni biashara nzuri.

---

Kifuniko

Kwa hiyo niirudishe simu kwenye 2G niokoe? Babu alikuwa anakaa na Nokia wiki nzima.

---

Masafa

Kwa mtu asiyetumia data, 2G inatulia vizuri. Lakini ukitaka kufungua kurasa kwa 2G, kitu cha sekunde mbili kitachukua dakika, na kioo kimewaka dakika yote hiyo. Halafu 2G ya masafa ya 900 inaruhusiwa kutuma hadi wati 2, ingawa inatuma kwa zamu, sehemu moja kati ya nane ya muda, kwa hiyo wastani unaangukia kwenye robo ya wati. Usidhani ni ya upole ikiwa mbali na mnara.

Kinachoumiza zaidi ni kuyumbayumba. Mahali ambapo 4G inaingia na kutoka, na 3G iko imara, ishikilie 3G. Simu ibaki sehemu moja.

---

MzeeWaGia

Nilisema nina la kusema. Abiria akishuka Njombe mwezi wa saba, baridi kali, simu ina asilimia 20 mara inazima. Akifika hotelini anaiwasha inasoma 15. Wanadhani ni uchawi wa Njombe. Fundi, eleza hilo.

---

Koleo

Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo ninakubali kuuza betri.

Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani unaongezeka. Chaji bado ipo, lakini simu ikidai nguvu nyingi kwa mara moja, kwa mfano umefungua kamera, volti inaporomoka chini ya kiwango ambacho simu inaweza kuvumilia, inazima kujilinda. Baridi nayo inaongeza ukinzani uleule. Betri mpya inahimili Njombe, ya miaka mitatu haihimili. Ukiipasha mkononi volti inarudi, inawaka, inasoma 15. Hakuna uchawi.

Hili ndilo lililowaponza Apple. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba iPhone zenye betri zilizochoka zilikuwa zinapunguzwa kasi na programu ya mfumo ili zisizime namna hiyo, na wenye simu hawakuwa wameambiwa waziwazi. Kelele zilipokuwa nyingi, kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na ikaweka ukurasa wa afya ya betri kwenye mipangilio. Mwenye iPhone aangalie hapo. Ikishuka chini ya 80, Apple wenyewe wanahesabu imechoka.

Kwa Android zisizo na ukurasa huo, dalili ni mbili: inazima ikiwa na chaji, au mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka. Ikivimba usiibonyeze, usiichomeke, ilete kwa fundi au itenge mbali na vitu vinavyowaka.

Na mkinunua betri, hiyo iliyoandikwa mAh 10000 ikiwa na umbo lilelile la 4000 ya mwanzo, ni wino tu.

---

Binti_Ilula

Fundi, swali la mwisho kabla sijalala, kesho napanda basi la alfajiri. Nina laini mbili. Moja nyumbani haishiki kabisa, naiweka kwa ajili ya mwaka ambao labda mnara utajengwa 😂 Inakula?

---

Koleo

Inakula, dada. Hiyo laini isiyoshika ndiyo inayotafuta mnara usiku kucha wakati nyingine imetulia. Huna haja ya kuitoa wala kuzima simu yote: Mipangilio, SIM kadi, izime hiyo moja kwa swichi yake. Namba yako haipotei kwa kuizima siku mbili tatu, ila usiiache miezi bila kuitumia, kampuni za simu huwa zinazifunga laini zilizokaa kimya muda mrefu.

Kesho ukipita Iringa iwashe, uone kama kuna aliyekutumia nauli.

---

Binti_Ilula

Nauli nani atume, fundi. Nimeizima.